Cheti cha Kula Papai

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kabichi thelathini na kisu butu. Miaka ya hamsini ndiyo kwanza ilikuwa imeanza, na mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini kutoka Maragoli, niliyeteremka kwenye treni pale Nakuru na sanduku la bati na barua ya mchungaji wetu. Barua ilisema kwamba mimi ni mwaminifu. Haikusema kwamba najua kupika, maana sikujua. Kwetu mwanamume akionekana karibu na mafiga, watu walimuuliza kama mke wake ametoroka. Lakini hospitali ya pale mjini ilikuwa inataka mtu wa jikoni na mimi nilikuwa nataka kazi, basi tukaelewana.

Aliyenipokea alikuwa Mpishi Mkuu, mzee mfupi mwenye tumbo, na aproni iliyotiwa wanga hadi ingeweza kusimama bila yeye. Alikuwa amewapikia wanajeshi wakati wa vita na hakuna siku aliyoacha kutukumbusha. Alinionyesha majiko ya kuni, sufuria ambazo mtu mzima angeweza kuogea ndani yake, na karatasi iliyobandikwa ukutani.

"Hii inaitwa karatasi ya mlo," aliniambia. "Mlo kamili ni wa mgonjwa mwenye meno na nguvu. Mlo laini ni wa yule amepasuliwa. Mlo wa maziwa ni wa yule tumbo yake imegoma. Wewe usipike chakula, kijana. Pika karatasi."

"Na kabichi nipike mpaka lini, mzee?"

"Mpaka isahau ilikuwa kabichi."

Nikaifuata sheria hiyo kwa moyo wote. Kabichi iliingia motoni saa mbili asubuhi na kutoka saa sita, imekuwa rangi ya kamba iliyolowa. Yale maji yake ya kijani tuliyamwaga mtaroni. Kando ya mtaro ule nyasi zilinawiri kuliko wagonjwa wetu, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Baada ya chakula cha mchana kila wodi ilirudisha ndoo ya makombo, yaani mabaki yote ya sahani. Ndoo hizo zilipimwa kwenye mizani mbele ya Sista Mkuu, mzungu mrefu aliyewasimamia wauguzi wote na ambaye, ukimsikiliza, ungedhani hata jua humwomba ruhusa kabla ya kuchomoza. Kiswahili chake kilikuwa kile cha wazungu wa mashambani, lakini hakuna aliyewahi kukosa kumwelewa.

"Ndoo ya watoto iko nzito tena," alisema siku hiyo ya kwanza. "Mimi hapana taka maneno. Mimi nataka ndoo tupu."

"Watoto hawapendi mboga, Sista," Mpishi Mkuu akajibu. "Mungu aliwaumba hivyo."

Nilimwamini Mpishi Mkuu mwaka mzima. Lakini kwa kuwa mimi ndiye niliyemwaga makombo, nilizoea kuyatazama, na polepole nikaanza kuyasoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Niliona kwamba wagonjwa wazima waliacha kabichi kwa sababu ilinuka. Niliona kwamba watoto waliacha karoti zikiwa nzima, hazijaguswa hata kwa jino moja. Mtu akikionja chakula akakichukia, utaona alama. Hawa walikuwa wamekataa kabla ya kuonja.

Siku moja nikabeba sahani mwenyewe mpaka wodini na kuwauliza. Wengi wao walikuwa watoto wa vibarua wa mashamba ya wazungu, kutoka Njoro, Molo na Solai. Wakacheka, kisha mmoja akasema, "Sisi si farasi."

Kumbe kule kwao karoti zililimwa kwa ajili ya farasi wa bwana. Baba zao waliwabebea farasi hao karoti kwa magunia, na mtoto wa kibarua akiletewa karoti kwenye sahani anaona ametukanwa. Nikafikiri kidogo. Kisha nikaketi sakafuni katikati ya vitanda, nikachukua karoti mbichi, nikaitafuna kwa kelele, nikalia kama farasi. Wodi nzima ikaangua kicheko. Nikawaambia huyu ni farasi aliyewashinda wote kule uwanja wa mashindano, sasa nani atanifukuza? Nilikuwa nimefika mlio wa tatu, nipo kwa mikono na magoti, nilipoona viatu vyeupe vya Sista Mkuu mbele ya pua yangu.

"Mpishi, wewe mgonjwa?"

"Hapana, Sista."

Aligeuka akaenda zake. Lakini mchana huo ndoo ya watoto ilipopimwa aliitazama mizani, akaitingisha kuona kama imekwama, kisha akanigeukia. "Kesho lia tena," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mpishi wa watoto. Mpishi Mkuu alininunia wiki mbili.

Mwaka uliofuata nilihamishwa kwenda Dundori, kwenye kituo kidogo cha afya huko juu kwenye baridi, viazi na maziwa. Kazi yangu ilikuwa kuwapikia watoto waliodhoofika na kuwaonyesha mama zao namna ya kuwalisha. Ukweli ni kwamba mama zao ndio walionionyesha mimi. Siku ya kwanza nilichemsha terere, yale majani ya kijani yanayoota yenyewe kati ya mahindi, kisha nikamwaga maji yake kama nilivyofundishwa. Akina mama wakashika midomo. Mmoja akaniambia, "Mpishi wa serikali, umemwaga mboga ukatuletea makapi."

Wakanifundisha kuyatia majani kwenye mafuta kidogo yaliyopata moto, kuyageuza, kumwagia maziwa, na kuepua kabla hayajapoteza rangi yake. Huko pia nilijifunza kwamba wavulana wa pale hawali mboga za majani kwa sababu wazee wao waliziona kuwa chakula cha wanawake. Sikubishana nao. Kila mchana nilikaa mahali wanaponiona, mimi na mikono yangu ya kupasua kuni, nikala bakuli zima la terere, nikalipangusa kwa kipande cha ugali na kuomba jingine. Siku ya nne wakaja kuulizia.

Basi nilirudi Nakuru na kichwa kimevimba. Nilikuwa nimejifunza kwamba mtoto anayekataa chakula ana sababu yake, na nikajidanganya kwamba sababu zote nazijua. Wakati huo wodi ya watoto ilikuwa imepewa jiko lake, nami nikawekwa kulisimamia. Ndipo akaletwa Wangeci.

Alikuwa na miaka kama saba, mtoto wa kibarua wa Solai, mwembamba, mtulivu, mwenye kutazama sana. Mchana aliona vizuri. Lakini jua likianza kushuka, alitembea amenyoosha mikono mbele, akigonga vitanda. Daktari alimfunua kope akatuonyesha vidoa vyeupe pembeni mwa mboni, vinavyofanana na povu la sabuni. Akatueleza kwamba ugonjwa huu huanza kwa kumnyima mtoto macho ya jioni, na usipotibiwa humnyima hata ya mchana. Mafuta ya samaki alipewa akayatapika, na alipopewa tena akayatapika tena. Daktari akaandika kwenye karatasi ya mlo: maini, karoti, mboga za majani, papai kila siku.

Wangeci alikula ugali na uji, basi. Mboga alizisogeza pembeni kwa kidole. Papai hakutaka hata lipite karibu na kitanda chake. Nililia kama farasi, nikala mbele yake, nikatia maziwa, nikatia sukari. Aliniangalia kwa adabu mpaka nikamaliza michezo yangu, kisha akasema, "Asante, sitaki."

Hapo nikafanya kosa ambalo hadi leo nikilikumbuka naona haya. Nililichuja papai lililoiva kwenye chujio nikalikoroga ndani ya uji wake. Akanywa vijiko vitatu, akasimama.

"Umeweka nini?"

"Sukari," nikasema.

Akakoroga kwa kijiko, na kutoka chini ikaibuka mbegu moja nyeusi iliyonipita. Akaiangalia. Kisha akaniangalia mimi. Akaliweka bakuli sakafuni polepole, akavuta blanketi akajifunika mdomo. Tangu saa hiyo hakula chochote kilichotoka mkononi mwangu, hata ugali mkavu. Siku mbili zilipita akinywa maji tu, na hayo alipewa na muuguzi.

Sista Mkuu aliniita ofisini. Hakunifokea, na hilo ndilo lililonitisha.

"Daktari nasema wiki hii," akaniambia. "Kama mtoto hapana kula, macho nakwisha. Nafahamu, mpishi? Nakwisha kabisa."

Nilifahamu.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, siku ya matunda. Kulikuwa na bwana mmoja wa upande wa Solai aliyetuletea bure masanduku ya mapapai na machungwa yenye makovu, yasiyofaa kupelekwa Nairobi. Niliketi kwenye benchi la nje ambapo watoto walikuwa wakiota jua, nikafungua sanduku na kuanza kumenya. Maganda nilikuwa nayatupa kwenye ndoo yangu ya makombo. Wangeci alikuwa amekaa mbali, amenipa mgongo. Alipogeuka na kuona ninachofanya, alikuja mbio, akauzamisha mkono wote ndani ya ndoo, akayatoa maganda na kuyasukuma ndani ya gauni lake la hospitali. Maji ya mapapai yalimchuruzika tumboni.

Nikamshika mkono. "Unafanya nini, mama?"

"Nyapara ataona."

"Nyapara gani? Hapa hakuna nyapara."

Akanyoosha kidole kwenye sanduku. Pembeni palikuwa na alama iliyochomwa kwa chuma cha moto, duara lenye mstari katikati. "Hiyo ni alama ya shamba yetu," akasema.

Nilitupa kisu chini nikamsikiliza, na maneno yakatoka vipande vipande. Kule kwao nyapara, yaani msimamizi wa vibarua, alipita kila asubuhi kwenye vibanda akitazama takataka milangoni, aone nani amekula matunda ya bwana. Mtoto akiokota papai lililoanguka, alilila lote na ganda lake na mbegu zake, ili asibakishe kitu. Mtoto wa jirani yao alisahau. Ganda moja lilionekana mlangoni, na kabla ya jua kutua nyumba nzima ilikuwa barabarani, sufuria kichwani.

"Wakaenda wapi?" nikauliza.

"Sijui. Walienda tu."

Kisha akasema, "Wewe ulinikulisha papai ya shamba. Baba akifukuzwa, mama atapika wapi?"

Mimi na Daktari na Sista Mkuu tulikuwa tukidhani tuna mtoto mchagua chakula. Kumbe tulikuwa na mtoto wa miaka saba aliyekuwa amekaa na njaa yake akiilinda nyumba ya baba yake, na angeilinda mpaka macho yaishe. Hata mboga na maini alivikataa kwa sababu hiyo hiyo, kwa kuwa hakujua vimetoka shamba la nani.

Nilimwambia kwamba bwana mwenyewe ndiye aliyetoa matunda hayo, bure, kwa wagonjwa.

"Alikuambia wewe?"

Hakuwa ameniambia mimi. Aliyeyaleta ni dereva wa lori.

"Alimwambia baba?"

"Sijui, mama," nikasema, na huo ulikuwa ukweli wa kwanza niliompa. Kwa ukweli huo alikubali kipande cha ugali.

Jumapili ilikuwa siku ya kuwaona wagonjwa. Baba yake alifika ametembea tangu alfajiri, mwanamume mrefu aliyeshika kofia kwa mikono miwili, na mfukoni alikuwa na cheti cha shamba kilichomruhusu kuwa nje mpaka jioni. Alimsalimia bintiye kwa Kikuyu, "Wakĩa maitu." Maitu ni mama yangu, kwa maana msichana alikuwa amerithi jina la bibi yake, mama mzazi wa baba huyu, na kwa Wakikuyu huyo ndiye mama yake amerudi. Nikamweleza yote: macho, amri ya Daktari, papai, maganda. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nikamletea sahani yenye vipande vya papai, nikamwomba ale mbele ya mtoto.

Aliiona alama kwenye sanduku akarudi nyuma hatua moja.

"Mpishi," akasema kwa sauti ya chini, "hii mipapai nimepanda na mkono yangu. Hizi sanduku nimebeba miaka saba. Utamu yake siijui."

"Basi leo onja, mzee."

"Cheti iko wapi?"

"Cheti gani?"

"Ya kula."

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Nyinyi mliozaliwa juzi mtashangaa, lakini siku hizo maisha yetu yalikuwa karatasi juu ya karatasi. Ulihitaji cheti cha kutoka shambani, cheti cha kumpeleka mbuzi kwa shemeji, cheti cha kubeba gunia la mahindi uliyolima mwenyewe. Mkononi mwako bila karatasi, kila kitu ni cha wizi mpaka uthibitishe. Mtu huyo alikuwa ameishi vizuri na familia yake kwa kutogusa kitu ambacho hana karatasi yake. Na mimi nilikuwa namletea sahani na maneno matamu.

Nikaenda kwa Sista Mkuu na kumweleza.

"Cheti ya kula papai?" akasema. "Wewe nacheza na mimi?"

"Sichezi, Sista. Mtoto hatakula bila baba, na baba hatakula bila cheti."

Alitoka mwenyewe mpaka wodini. Akamtazama yule baba na kofia yake. Akaomba kukiona cheti chake cha kutoka shambani, akakisoma mpaka chini, palipoandikwa saa ya kurudi, na uso wake mwekundu ukazidi kuwa mwekundu. Akarudi ofisini, akaingiza karatasi kwenye taipureta, akaanza kugonga, nami nikisimama mlangoni nikimsaidia Kiswahili.

Ilisema hivi: Mwenye cheti hiki, Wangeci, wa wodi ya watoto, anaruhusiwa kula papai, karoti, maini na mboga kila siku, kwa amri ya hospitali. Sista akaweka sahihi, akainua macho. "Baba pia?"

"Baba pia."

Akaongeza kwa kalamu: na baba yake. Kisha akapiga muhuri, akaupiga tena mara ya pili, kwa nguvu hata kidau cha wino kikaruka.

Baba Wangeci alikisoma kwa kidole, silabi kwa silabi. Akaugusa muhuri kuona kama umekauka. Akampa bintiye akishike. Kisha akachukua kipande cha papai, akatazama dirishani, akatia mdomoni upande wa ganda kwanza.

"Ganda liache, mzee," nikamwambia.

"Cheti inakubali ganda ibaki?"

"Inakubali."

Akala taratibu, amefumba macho. Alipomaliza, aliliweka ganda mezani, mahali ambapo kila mtu anaweza kuliona, akaliangalia kwa muda. "Kula, maitu," akasema.

Wangeci akala, cheti mkono mmoja, papai mkono wa pili. Alikula sahani nzima. Mimi nilijifanya nahesabu vijiko.

Kesho yake nilikuta maandamano. Watoto wote walitaka vyeti, hata wale wa mjini ambao hawajawahi kumwona nyapara. Mmoja alikataa karoti katakata mpaka aandikiwe yake. Sista Mkuu alilalamika kwamba hospitali si ofisi ya DC, mkuu wa wilaya, lakini aligonga taipureta yake jioni yote, cheti cha terere, cheti cha malenge, cheti cha machungwa, na kila kimoja akakipigia muhuri. Wiki ile ndoo ya watoto ilikuwa nyepesi kuliko zote. Mpishi Mkuu alikuja kuishuhudia kwa macho yake, akasema kwamba jeshini nako waliwahi kufanya hivyo. Hatukumbishia.

Baada ya majuma matatu Daktari alitaka kupima macho ya Wangeci. Tulitumia stoo ya viazi, kwa kuwa haikuwa na dirisha na hata mchana ilikuwa giza. Mara ya kwanza alipopimwa humo alikuwa amejikwaa kwenye magunia akalia. Safari hii niliweka papai juu ya gunia moja, tukaingia, mlango ukarudishwa ukabaki ufa mwembamba.

"Mpishi," ikasema ile sauti ndogo, "papai iko kwa gunia ya pili. Na wewe umekanyaga kiazi."

Nikaangalia chini, sikuona kitu, nikainua mguu. Ni kweli nilikuwa nimekikanyaga. Nililia humo gizani bila aibu, maana nilidhani hakuna anayeniona, kisha nikakumbuka kwamba yeye anaona. Sista Mkuu alipenga kamasi na kulaumu vumbi la magunia.

Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, baba yake alikuja kumchukua. Niliwasindikiza mpaka getini. Nilikuwa nimemwambia baba kwamba terere na majani ya malenge yana dawa ile ile, na kwamba nyapara huyaona kuwa magugu tu, hayahesabu, basi wayachume bila woga na kuyapika kwa mafuta kidogo. Wangeci alikuwa amekikunja cheti chake mara nne. Getini akasimama.

"Hii cheti inafika mpaka shamba?" akaniuliza.

Nilitamani sana kumwambia ndiyo. Lakini nilishamdanganya mara moja.

"Hapana, mama. Inaishia hapa getini."

Akafikiri. Kisha akaniomba kipande kimoja cha papai. Nilikimbia jikoni nikamletea, naye akakila papo hapo, upande wa ndani wa geti, bila haraka, baba yake akisubiri na kofia mkononi. Alipomaliza alinipa ganda. "Weka kwa ndoo yako," akasema, wakaondoka.

Baba yake alipita mara moja tena baada ya miezi kadhaa, kunisalimia tu. Aliniambia kwamba mbuzi wakichelewa kurudi jioni, anayetumwa kuwatafuta ni Wangeci. Wangeci mwenyewe sikumwona tena, nami sina huzuni juu ya hilo. Huona anapokwenda, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Nilipika miaka mingi baada ya hapo, Naivasha, Molo, kisha Nakuru tena, na mwishowe mimi ndiye nikawa Mpishi Mkuu, tumbo na aproni na yote. Vijana walioajiriwa chini yangu niliwakataza kumwaga maji ya mboga na niliwakataza kumfichia mtoto chakula ndani ya chakula. Niliwaambia wamuulize kwanza kwa nini amekataa, halafu wamsubiri ajibu. Mara nyingi jibu ni jepesi: ina nyuzi, ni moto, fulani kasema ni ya watoto wadogo. Wakwe zangu wananiletea wajukuu wanaosusia sukuma wiki, wakitaka niwatishe. Siwatishi. Nachukua kalamu, nawaandikia cheti, nawapigia muhuri wa kiazi kilichochongwa, na mara nyingi wanakula.

Nilipostaafu nilinunua kiploti upande wa Solai, mwendo mfupi kutoka shamba alikotoka Wangeci, ambalo siku hizi limegawanywa na lina wenyewe wengi. Nimepanda mipapai minne, yote kando ya barabara, nje ya ua. Mke wangu hunung'unika kwamba watoto wa shule wanayamaliza mapapai yakingali mtini na kutuchafulia njia. Kila jioni natoka na ndoo yangu, nayakuta maganda yametapakaa mbele ya geti, peupe, hakuna aliyejisumbua kuyaficha. Nayaokota moja moja, na sijawahi kuona uchafu ulionifurahisha kama huo.